Mashimo ya Mboji ya Bariadi

Tangu nistaafu, vijana niliowaacha kazini wamenitumia salamu mara kadhaa wakitaka niandike jinsi kazi yetu ilivyoanza. Wao wanaiita kwa majina marefu waliyoyapata vyuoni, na sina ugomvi nayo. Zamani tuliiita kazi ya taka, na aliyetaka kututukana aliiita kazi ya mavi. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa sababu havikuwahi kumfundisha mtu kugeuza rundo. Nitaeleza miaka ya mwanzo, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nilipokuwa kijana mwenye nguvu nyingi na akili ya kuazima.

Jina langu ni Maduhu. Nilifika Bariadi nikitafuta kazi ya msimu wa pamba, nikachelewa. Marobota yalikwisha kupakiwa, na vibarua walikuwa wanarudi kwao na baiskeli mpya. Bariadi ya siku zile ilikuwa barabara moja ya vumbi, maduka pande mbili, soko, machinjio, na ofisi ya baraza iliyoezekwa kwa bati. Nilimwuliza karani wa baraza kama kuna kazi yoyote. Akanitazama miguu kwanza, ndipo uso, akasema, "Ipo moja. Lakini usije kesho kuniambia sikukueleza."

Alinielekeza nyuma ya machinjio, kwenye uwanja uliozungushiwa miba. Huko nikamkuta Mzee Luhende.

Luhende alikuwa mtu wa Sukuma kama mimi, mfupi, mkavu, amefunga mkanda wa jeshi juu ya kaptula. Wakati wa vita alipelekwa mpaka India, na wakati wenzake wanafundishwa bunduki yeye alipangiwa kikosi cha usafi wa kambi. Huko aliona watu wakichanganya majani, samadi, majivu na kinyesi, tabaka juu ya tabaka, wakapata udongo mweusi wa kulimia. Aliporudi alikuta Bwana Afya wa Bariadi anahangaika na ndoo za vyoo na matumbo ya ng'ombe hajui pa kuyatupa. Wakaelewana siku hiyohiyo.

"Mwangaluka, baba," nilimsalimu.

"Mwangaluka. Umekula?"

"Bado."

"Vizuri. Siku ya kwanza ni bora tumbo liwe tupu."

Hakunitania. Kabla ya saa sita nilikuwa nimekwenda kwenye miba kutapika mara kadhaa, na tumbo tupu lilinisaidia. Mchana alinipa beleshi, akaniambia nisimame upande unakotoka upepo. Hilo ndilo somo langu la kwanza kazini, na bado ni kweli hadi leo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alfajiri topasi walileta ndoo za vyoo kwa mkokoteni. Kutoka machinjioni tulipata damu na kinyesi cha tumboni. Kutoka sokoni, maganda na majani. Malori yaliyokuja kuchukua pamba yalitupa makapi ya pamba kutoka kwenye kinu cha upande wa Maswa, magunia kwa magunia, kwa sababu huko yalikuwa yanawashikia moto. Sisi tulitandaza makapi chini ya handaki lisilozidi kiuno, tukaweka uchafu, tukanyunyiza majivu na udongo wa zizini, tukarudia mpaka rundo lipite usawa wa ardhi. Kisha tuliliacha liwake.

Kuwaka ndiyo lugha ya Luhende. Hapakuwa na moto. Alichomeka nondo ya chuma katikati ya rundo, akasubiri avute pumzi za kutosha, akaichomoa na kunipa. Niliitupa chini. Ilikuwa ya moto kama iliyotoka jikoni.

"Nani amewasha?" niliuliza.

"Vijidudu. Huwezi kuwaona. Wao ndio wenye kazi, sisi ni vibarua wao. Tunawapikia, tunawapa maji, tunawageuzia kitanda. Wakifurahi wanapata joto, na joto linaua minyoo na mayai ya nzi. Wakinuna, mji mzima unajua."

Nilidhani ni maneno ya mzee aliyesafiri mno. Baadaye Bwana Afya alinionyesha kitabu chenye picha zao, wamekaa kama punje za mtama. Ndivyo nilivyojua nimeajiriwa na nani.

Tulikuwa watu wanne uwanjani. Luhende, mimi, Mabula na Ngassa. Mabula alikuwa mtu mkubwa, mpole, mzaliwa wa Bukundi, aliyezoea ng'ombe kuliko watu na kwa hiyo hakuongea sana. Ngassa alitoka Zagayu. Alikuwa rika langu, mwepesi, mwenye kicheko cha kusikika mpaka sokoni. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika uma wa kugeuzia rundo bila kupasuka viganja: mkono wa juu usukume, wa chini uongoze. Tulipanga chumba kimoja kwa mama mmoja aliyetukubali kwa sharti kwamba tuoge nje kabla ya kusalimia. Jioni Ngassa alivaa shati jeupe, akachana nywele, akaenda kutembea kama karani. Wasichana walimpenda mpaka walipoambiwa anafanya kazi gani, na hapo alirudi nyumbani mapema.

Watu walitukwepa, sitaficha. Kwenye kilabu cha pombe tulitengewa kata yetu ya kunywea. Wakulima nao hawakutaka mboji yetu hata bure. Ilikuwa miaka ya amri: lima matuta, ng'oa miti ya pamba baada ya mavuno, peleka samadi shambani, na asiyefanya anaitwa barazani. Mtu aliyeshurutishwa kubeba samadi ya ng'ombe wake mwenyewe hawezi kukushukuru ukimletea ya binadamu. Walioanza kuichukua walikuwa wanawake wachache wenye bustani karibu na mto, na walikuja kwa njia ya uani.

Sasa nifike kwenye shimo.

Tatizo letu kubwa lilikuwa maji. Damu ya machinjioni na maji ya kusuuzia ndoo yalizidi kiasi ambacho marundo yangeweza kunywa. Yalitiririka, nzi wakajaa, wenye maduka wakalalamika kwa baraza, na walikuwa na haki. Bwana Afya alichora shimo refu, likachimbwa na kujengewa kwa matofali, na juu likafunikwa mbao na mabati ili nzi wasiingie. Luhende alilikagua akalikubali. Mimi nililifurahia kuliko wote, maana lilipunguza kubeba. Masika yote tulimwaga humo kila kilicho maji, tukafunika. Nzi wakapungua kweli. Bwana Afya alileta wageni kuliona.

Kiangazi kilipofika, shimo lilikuwa limejaa nusu, na ilibidi tutoe tope lake tulichanganye na makapi makavu. Asubuhi tulifungua upande mmoja tu wa mabati, tukateremsha ndoo kwa kamba. Ndoo chache zilipanda vizuri. Kisha moja ikanasa chini. Tulivuta, ikakataa.

"Imeshika ngazi," alisema Ngassa. "Nashuka naitoa."

Ngazi ilikuwamo ndani tangu siku ya ujenzi. Akaishuka akiimba. Nilikuwa nimeinama juu ya tundu, namwona kisogo. Alifika chini, akainama kuishika ndoo, akasema, "Mbona huku..." na hakumaliza. Magoti yake yalikunjika polepole kama mtu anayetaka kukaa, akaangukia uso.

Nilimwita. Luhende alinisukuma pembeni, akaangalia mara moja. "Leteni kamba," alisema, na kabla kamba haijaja alikwisha kuweka mguu kwenye ngazi. Alishuka haraka. Karibu na chini mikono yake ililegea, akabaki ameninginia, kwapa moja limenasa kwenye kipandio, kichwa kimelala begani.

Mimi nami nikaweka mguu. Sikufikiri lolote. Mkono ukanishika mkanda kwa nyuma, nikanyanyuliwa kama ndama na kukalishwa chini. Alikuwa Mabula.

"Kaa," alisema.

"Wanakufa!"

"Na wewe ukifa, nani atavuta? Kuna kitu kibaya humo. Tufungue juu kwanza."

Nadhani hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyokuwa nimewahi kumsikia akisema kwa mkupuo. Tulirarua mabati yote na mbao zote, vidole vinatoka damu. Tulichukua turubai la lori tukalipeperusha juu ya shimo, juu na chini, kama wapepetaji. Kelele zetu zilivuta watu. Mama mmoja aliyekuwa anateka maji kisimani, Mayu Kabula, aliona tunahangaika na kamba isiyo na kitu cha kunasia. Akakimbia akarudi na kulabu ya kisimani, ile ya meno matatu ya kuopolea ndoo zilizozama. Mabula aliiteremsha akiwa amelala kifudifudi, amebana pumzi, anainuka kuvuta hewa, analala tena. Meno yakashika mkanda wa jeshi wa Luhende. Tukamvuta, wanaume wa sokoni wakisaidia, watu ambao jana yake walikuwa wakivuka barabara kutukwepa.

Luhende alikuwa wa kijivu. Tulimgeuza ubavu, akatapika, akavuta pumzi yenye sauti ya mlango mbovu. Ngassa tulimtoa baada yake. Uso wake ulikuwa ndani ya tope muda wote. Mayu Kabula alimwosha uso kwa maji ya mtungi wake, taratibu, akamfumba macho, akamfunika kanga yake. Akaturudia na mtungi mtupu.

Bwana Afya alikuja mbio na baiskeli. Alikuwa mtu wa Bukoba, msomi, mwenye kusema kidogo kwa wafanyakazi. Alikaa chini kwenye vumbi kando ya Ngassa na suruali yake nyeupe. Watu wa baraza walipofika na kuuliza nani aliyemtuma mtu shimoni, alisema, "Shimo nimelichora mimi, kifuniko nimekiagiza mimi. Waacheni hawa." Nimefanya kazi na wakubwa wengi baada yake. Wachache wangesema hivyo.

Baadaye alitueleza, na ninyi mnalijua darasani, lakini sisi tulilijua kwa kumzika mtu. Vijidudu ni wa aina nyingi. Wapo wanaotaka hewa, wale wa marundo yetu, wanaotoa joto na kuacha udongo. Ukiwanyima hewa hao wanakufa, na wengine wasioitaka wanachukua kazi. Hao nao wanakula taka vilevile, ila pumzi yao ni sumu. Inakaa chini ya shimo kama maji yasiyoonekana, na ukilifunika haina pa kwenda. Nzi walipungua, tukadhani tumeshinda.

Luhende alipelekwa hospitali ya Maswa. Ngassa tulimpeleka kwao Zagayu kwa lori la pamba, Bwana Afya, Mabula na mimi. Njiani ndipo nilipowaambia jambo lililokuwa linanisumbua. Nyumbani kwao Ngassa alikuwa amesema anapima pamba kwenye kituo cha kununulia.

Bwana Afya alinigeukia. "Basi waachie hivyo," alisema. "Itawasaidia nini kujua?"

Mabula alitazama nje.

Tulizika siku hiyohiyo. Baba yake, Mzee Bulugu, alikuwa mkulima wa pamba anayeheshimika, mzee wa kanisa pale kijijini. Baada ya mazishi wanaume walikaa kwenye uwanja wa zizi, na mzee akanigeukia mimi, akawaacha wakubwa.

"Wewe ulikuwa unakula naye sahani moja," alisema. "Nimemwosha mwanangu. Harufu ile si ya pamba. Alikuwa anafanya kazi gani?"

Nilimtazama Bwana Afya, naye akatazama chini. Nikajua uongo ule sasa ni wangu nikiutaka. Nikafikiri jinsi Ngassa alivyofurahi rundo likishika joto, na jinsi alivyovaa lile shati jeupe. Nikasema, "Baba, hakupima pamba. Tulikuwa tunachukua taka za mji na za vyoo, tunazigeuza kuwa mboji. Alikufa shimoni akitoa ndoo. Alikuwa hodari kuliko mimi."

Kaka wa mzee alikuwa amekaa mbele yangu. Alitema mate pembeni. "Topasi," alisema. "Tumetoka mbali kuja kumlilia topasi."

Mama wa Ngassa alikuwa na wanawake wenzake upande wa jikoni, lakini uwanja ni mdogo na sauti inafika. Alisimama, akaja mpaka kwenye ukingo wa wanaume. Desturi haikumruhusu, na hakuna aliyemzuia.

"Yale magunia aliyoleta mwaka jana," aliniuliza, "akamwaga kwenye mahindi nyuma ya ghala. Alisema ni mbolea ya kituo. Ilikuwa hiyo?"

"Ndiyo, mayu. Ilikuwa hiyo. Ilikwisha kuiva, haikuwa na ubaya."

Akamgeukia shemeji yake. "Mahindi yale ulikula, shemeji. Ulikaa hapa siku nzima ukayasifu, na ukaomba ya kubeba. Nilikufungia mimi mwenyewe."

Mtu mmoja nyuma alikohoa, na mimi nilielewa kwamba alikuwa anazuia kicheko. Mzee Bulugu aliegemea fimbo yake akanyanyuka. Alinipa mkono, akampa Mabula, akampa Bwana Afya. "Wabeja kwa kumleta nyumbani," alisema. "Lile shimo lizibeni."

Tulilifukia sisi wenyewe. Siku ya pili ya kufukia wanaume kutoka Zagayu walifika na majembe, Mzee Bulugu mbele yao, na yule kaka yake yumo. Walifanya kazi mpaka pakawa tambarare, wakanywa maji, wakaondoka.

Baada ya hapo kazi ilikaribia kufa. Topasi wawili waliacha. Barazani walisema taka zitupwe porini kama zamani, na fisi washughulike nazo. Bwana Afya aliomba apewe kiangazi kimoja. Mabula na mimi tuligeuza marundo peke yetu, mahandaki ya kiuno, yaliyo wazi, na maji tukayaongezea makapi maradufu ili yanywewe. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Nzi walirudi kidogo, tukawavumilia. Tukaweka sharti, na kila niliyemfundisha nilimsomesha hilo kabla ya kumpa beleshi: hakuna mtu kuingia mahali palipofunikwa, hakuna kushuka bila kamba mwilini na watu wawili juu, na mwenzako akianguka, fungua hewa kwanza, ulie baadaye. Mtu asiyeweza kukaa chini kama nilivyokalishwa mimi asifanye kazi hii.

Wakulima wa Zagayu walikuja mwishoni mwa kiangazi na mikokoteni ya punda. Hawakupita uani. Walipita katikati ya soko mchana, wakapakia mboji, wakafunga magunia juu, wakarudi walikotoka. Watu wa Bariadi waliangalia. Msimu uliofuata tulilazimika kupanga zamu.

Luhende alirudi mwaka uliofuata, pamba inapoanza kufunguka. Alikuwa amepungua, anakohoa, lakini alifunga kamba kiunoni mahali pa ule mkanda, uliochanika kwa kulabu, akaanza kukagua. Alisimama kwenye rundo moja muda mrefu. Akaenda la pili. Akachota, akasogeza puani, akatupa, akachota tena. Nilifikiri amekasirika.

"Maduhu," aliniita, "hii inanukaje?"

"Bado kidogo iive, baba. Ina ukali kwa mbali."

Alitikisa kichwa taratibu. "Mimi sisikii kitu. Tangu siku ile. Wamenipikia samaki hospitali, wamenipaka dawa, hakuna. Pua imekufa."

Kwa mtu wa mboji, pua ni jicho. Rundo lililokosa hewa linanuka yai bovu, lenye kinyesi kingi linachoma kama mkojo wa zizini, na hayo unayajua kabla ya kushika chombo chochote. Nilidhani ataacha. Badala yake alisema, "Basi wewe utanusa, mimi nitaamua."

Tulifanya hivyo miaka yote iliyobaki. Alinilazimisha nitafute maneno. "Inanuka vibaya" hakulikubali. "Vibaya vipi? Kama ngozi mbichi? Kama majani ya viazi yaliyolala? Sema." Nikajifunza kunusa kwa kusema, na nadhani nilijua kazi zaidi kwa sababu yule aliyenifundisha hakuweza tena kunisaidia. Akisikia maneno yangu aliagiza: ongeza makapi, geuza leo, acha. Alikosea mara chache, na mara nyingi kosa lilikuwa la maneno yangu.

Siku yake ya mwisho ilikuwa mwanzo wa mvua, uhuru ukiwa unazungumzwa kila kona. Hakutaka sherehe. Alitaka tufungue rundo la mwisho alilolipanga yeye. Mabula alikata upande mmoja kwa beleshi, ndani pakatokea weusi mtupu, unaomeguka, wenye mvuke mwembamba. Luhende alichota kwa mikono miwili akaninyooshea mimi, hakuisogeza puani kwake.

"Haya," alisema. "Sema."

Nilinusa mara mbili, maana nilitaka nisikosee. "Haina ukali, baba. Haina choo, haina damu, haina pamba. Inanuka shamba likipata mvua ya kwanza."

Alisimama nayo mkononi, anaitazama, kama anayesikiliza. Kisha akairudisha kwenye rundo, akapangusa viganja kwenye kaptula.

"Wapelekeeni wenye kuihitaji," alisema, akaenda zake nyumbani.